Ushauri: Dola la Roma lenye vinu vya maji na upepo kila kona

Gurudumu: Wakuu, natunga hadithi ya Dola la Roma, mwaka 150 BK. Vinu vya maji na vya upepo vimejaa kuanzia Gaul (Ufaransa ya leo) hadi Misri: vya unga, vya kukata mawe. Nirekebishe nini ili mjuzi asinicheke?

Jino la Gia: Maji huna haja ya kuyabunia, mkuu. Vitruvius, mhandisi Mroma, alieleza kinu cha gia karne ya 1 KK, na Barbegal, karibu na Arles kusini mwa Ufaransa, magurudumu 16 yalishuka mlimani kwa safu mbili, maji ya la juu yakiangukia la chini. Kinachobana ni maporomoko. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 3 ni kama kilowati 3. Gurudumu linalomwagiwa juu likikupa 60%, unabaki na 1.8. Hapo unazungusha jiwe la kusagia, siyo karakana nzima. Na lile linalochovya mtoni halifiki hata nusu yake.

Weka pia kiangazi. Chokaa iliyoganda kwenye mbao za Barbegal inaonyesha vinu vilikuwa vinasimama mwishoni mwa kiangazi.

Tanga Moja: Upepo ndio utakuponza. Heron wa Aleksandria, mvumbuzi wa karne ya 1 BK, alikuwa na kigurudumu cha upepo cha kupulizia kinanda tu. Vinu vya upepo vya Sistan (mpakani mwa Iran na Afghanistan), vyenye mhimili wima, vinaziba upande mmoja kwa ukuta, kwa hiyo vinataka upepo wa upande mmoja. Italia unageuka, ukuta unakuwa kikwazo. Huko jenga kibanda juu ya nguzo nene, kisukumwe kwa boriti ndefu kuufuata upepo. Uzito usipolingana mbele na nyuma, nguzo inakwama. Dhoruba ikija, kunja matanga mapema. Breki ya mbao ikishikilia peke yake inaungua.

Misri Nile ni tambarare, maporomoko hakuna, ila upepo wa kaskazini haubadiliki sana. Ukuta wa Sistan upeleke kule.

Gurudumu: Na msumeno wa mawe?

Jino la Gia: Umechongwa kwenye jeneza la mawe la Hierapolis (Uturuki ya leo), karne ya 3: gurudumu, gia, mikono inayovuta misumeno miwili. Utauwahisha kidogo tu. Kumbuka kinachokata ni mchanga na maji chini ya bapa. Mchanga ukiisha, bapa linateleza bure. Meno ya gia yachongwe moja moja, yapakwe shahamu, likivunjika jino lichomolewe hilo tu.

Tanga Moja: Kwa uwiano wa bei, tumia amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya 301: kinu cha maji dinari 2,000, cha punda 1,250, cha mkono 250. Kinu chenyewe si ghali kihivyo. Mtafutie tajiri wako fedha za mfereji wa kuleta maji.