Nakimbia karibu kilomita 40 kwa wiki, nakula kidogo, mzani umeganda. Nile vipi?

Ticha_Dom

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Kilo 71, urefu sentimita 162. Nimejiandikisha Kili Marathon ya kule Moshi, ile ya kilomita 21, na imebaki kama miezi mitatu. Malengo yangu ni mawili: nimalize bila kutembea, na nishuke hadi kilo 64. Presha ipo kwenye ukoo wetu, mama yangu ameshapata kiharusi, kwa hiyo hili la uzito si la urembo.

Ratiba yangu: Jumanne na Alhamisi kilomita 8, Jumamosi 6 za taratibu, Jumapili natoka alfajiri kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kurudi, kilomita 16 pamoja na vile vilima vyote.

Chakula: asubuhi chai ya rangi bila sukari na yai moja. Mchana shuleni naacha ugali, nakula maharage na mboga. Usiku mtindi na tunda. Programu ya simu imenipangia kalori 1,400 kwa siku. Saa ya mkononi inasema kilomita 10 zinachoma kalori 950, nikajua nitashuka haraka. Mwanzoni nilishuka kilo mbili, tangu hapo mzani haujasogea.

Sasa Jumapili nikifika kilomita ya 11 miguu inakuwa mizito kama si yangu. Kipindi cha mwisho darasani nasikia baridi, Dodoma hii na jua lake. Usiku wa manane naamka na njaa. Hedhi ya mwezi uliopita haikuja, na mimba sina, nimepima.

Nipunguze tena chakula? Niongeze kilomita? Nikisema niongeze chakula, si nitarudisha kilo zote? Naombeni ushauri wa mtu anayejua, maana mbio hizi nimezipenda kweli na sitaki kuziacha.

---

Mzee_Kibaha

Hongera dada. Mimi nilipungua kilo nyingi kwa kutogusa wanga baada ya saa 12 jioni. Vumilia, mwili utazoea tu. Kikubwa usirudi kwenye ugali.

---

Kocha_Sakina (Arusha)

Mwalimu, pole na hongera. Naomba nipingane na mzee wangu wa Kibaha kwa heshima zote. Ushauri wake unaweza kumfaa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa. Wewe unakimbia, hilo linabadilisha kila kitu.

Mtu wa umri, urefu na uzito wako akilala kitandani tangu asubuhi hadi asubuhi, mwili wake unatumia takriban kalori 1,370: moyo, ubongo, ini, figo, kupumua. Yaani zile 1,400 za simu zinaishia hapo hapo kitandani. Ongeza kusimama darasani, kutembea, kufua na kupika, unafika kama 2,050, na viatu vya mbio bado hujavaa.

Kukimbia kunagharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Ukienda kasi au pole, tofauti si kubwa. Kwako kilomita 10 ni kama 710, siyo 950, na ndani ya hizo 710 zimo kama 80 ambazo ungezitumia hata ukiwa umekaa. Saa nyingi za mkononi hukadiria kwa mapigo ya moyo. Ukiwa umechoka au jua limepanda, moyo unapiga haraka zaidi na namba inapanda, wakati umbali ni ule ule. Kwa hiyo namba ya saa usiipangie bajeti.

Jumapili yako ya kilomita 16 peke yake ni zaidi ya 1,100. Kati ya kalori 1,400 ulizokula, mwili umebakiwa na nini cha kukuendesha hadi Jumatatu? Unabana matumizi: unasikia baridi, mchana unajisogeza kidogo bila kujua, misuli nayo inaliwa. Halafu misuli iliyochoka inashika maji, ndiyo maana mzani umeganda.

Kuhusu ile kilomita ya 11. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ya mtu mzima aliyeshiba ni gramu 400 hadi 500, sawa na kalori 1,600 hadi 2,000. Wanaokimbia kilomita 42 wengi huishiwa kuanzia kilomita ya 30 hivi. Wewe unaishiwa ya 11 kwa sababu unatoka nyumbani akiba ikiwa haijajaa: Jumamosi umekimbia, ukaacha ugali mchana, usiku ukala mtindi.

Kilo saba kwa miezi mitatu, na bado ujiandae na mbio, ni nyingi mno. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7,700. Ukipunguza 300 kwa siku, siku sita za wiki, utashuka kilo moja kila baada ya wiki nne na kidogo. Mpaka siku ya mbio Moshi ni kilo mbili na nusu, labda tatu. Hizo nyingine utazitoa baada ya mbio, polepole.

Kwa hiyo siku ya kupumzika kula kama 1,750. Siku ya kilomita 8, 2,250. Jumapili kula 3,000 na usipunguze hata punje. Wiki mbili za mwisho usipunguze siku yoyote.

Pa kupunguza pako kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na mboga za nyumbani kwetu huwa zinaogelea. Soda ya nusu lita ni kama 210. Ugali wa gramu 150 za unga mkavu ni 540, na huo ndio utakaokupandisha kilima cha Mweka siku ya mbio. Uache ukae kwenye sahani.

---

Muuguzi_Tanga

Kocha ameeleza vizuri sana, ila naomba nimzuie sehemu moja. Dada, hiyo hedhi isipite hivi hivi.

Mwanamke anayefanya mazoezi akila pungufu kwa muda mrefu, mwili unazima vitu usivyoona vya haraka, na uzazi ni wa kwanza. Homoni ya estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayolinda mifupa. Huko mbele ndiko wanakopata nyufa kwenye mfupa wa muundi au wa mguu bila kuanguka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina la RED-S mwaka 2014, na wanaume pia wanaipata.

Tunapima hivi: chukua kalori ulizokula, toa za mazoezi, gawa kwa kilo za mwili bila mafuta. Tuseme kwako ni kilo 50. Siku ya kilomita 10: 1,400 toa 630 (zile 710 za Kocha bila 80 za kukaa), zinabaki 770, gawa kwa 50 unapata 15. Chini ya 30 tayari tunaogopa. Karibu na 45 ndipo mwili unafanya kazi zake zote.

Kwa hiyo Kocha, hizo 300 asizipunguze kwa sasa. Ale zote mpaka hedhi irudi, kisha ndipo azungumze habari za mzani. Na kwa usalama asiyapuuze maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja. Akiyasikia aache kukimbia.

Dada, nenda kituo cha afya, rudia kipimo cha mimba, pima wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, waangalie na tezi ya shingo. Pima presha siku hiyo hiyo. Halafu chai: usiinywe pamoja na maharage na mchicha, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Iache ikae saa moja baada ya chakula, na kwenye sahani kamulia ndimu.

---

Kocha_Sakina

Dada yangu wa Tanga, nimekubali. Hedhi kwanza. Mwalimu, futa zile 300: siku ya kupumzika 2,050, siku ya kilomita 8 kama 2,550, Jumapili ile ile 3,000.

---

Jikoni_Iten

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni mpishi katika kambi ya wakimbiaji hapa Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari. Mwalimu, watu wanaona hawa vijana wembamba wanadhani hawali. Njoo uone sufuria ninazoosha.

Wakirudi kutoka mazoezi ya asubuhi hawaendi kuoga kwanza, wanakuja jikoni. Chai iko tayari: maziwa na maji nusu kwa nusu, majani na sukari vimechemka pamoja. Mkate mzito, viazi vitamu au mandazi. Wanakunywa vikombe viwili vitatu wakiwa bado na jasho. Mchana wali na maharage, au githeri (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja). Usiku ni ugali, sukuma wiki au managu (mnavu), nyama kidogo au mayai, na maziwa lala, yaani maziwa mgando. Baada ya chakula cha mchana kambi nzima inanyamaza, watu wamelala.

Mwaka 2004 watafiti walichapisha walichokiona kwa wakimbiaji kumi wa hali ya juu huku kwetu: zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, mafuta yalikuwa kidogo sana. Ndivyo ninavyopika mpaka leo. Sukuma yangu ya watu wanane haizidi vijiko vitatu vya mafuta.

Kuna msichana alikuja kambini mwaka jana akiogopa ugali kama wewe. Alikuwa akichukua kipande cha kiganja kimoja, anajaza mboga. Nilianza kumwekea maziwa lala kikombe kikubwa na kiazi kitamu pembeni, sikumwambia neno. Alipoanza kumaliza, nikaongeza ugali. Hakunenepa. Alianza kumaliza mbio ndefu pamoja na wenzake badala ya kuja nyuma yao.

Anza hivyo mwalimu. Usiruke kutoka 1,400 hadi 3,000 kwa siku moja, tumbo litakusumbua. Wiki hii rudisha ugali wa mchana na uji asubuhi. Wiki ijayo chakula kamili cha usiku.

---

Ticha_Dom

Nimesoma mara mbili na machozi yamenilenga. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba 1,400 ni za mtu aliyelala. Kesho baada ya vipindi naenda kituo cha afya. Asante sana da' Muuguzi.

Swali la mwisho: Jumapili natoka saa 11 alfajiri, sina hamu ya kula saa hizo. Na zile jeli za wakimbiaji bei yake siiwezi. Nifanyeje?

---

Kocha_Sakina

Jumamosi usiku kula wali au ugali hadi ushibe, hapo ndipo Jumapili inapoanzia. Alfajiri ndizi mbivu moja na kikombe cha chai yenye sukari vinatosha, kama nusu saa kabla.

Njiani unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli si lazima. Chukua lita moja ya maji, sukari vijiko vitano vikubwa, chumvi robo kijiko cha chai, kamulia ndimu. Hiyo ina gramu 60. Gawa kwenye chupa mbili za nusu lita. Moja beba mkononi, uanze kunywa mafunda mawili matatu kuanzia kilomita ya 4, usisubiri kiu. Nyingine muachie mlinzi au mwenye duka unapogeuzia. Ukipenda, weka na tende tano mfukoni, zinakupa gramu 30 nyingine.

Ukirudi, ndani ya saa moja kunywa uji wa ulezi wenye maziwa, kula mayai mawili na viazi vitamu. Kisha lala kidogo, hata kama vyombo havijaoshwa. Majibu ya vipimo yakitoka tuandikie hapa, tupange kilomita za wiki ijayo kutokana nayo.