Nyumba ya Bibi 🏠: Baada ya Kifaransa nisome nini?

Mwanaisha: Asalam aleikum watu wa nyumba ya Bibi

Mwanaisha: Matokeo ya Kifaransa yametoka, B2 nimepita alhamdulillahi. Sasa meneja asema hoteli itanilipia nusu ya karo nikisoma lugha nyengine, lakini nichague kabla ya Ijumaa, na mimi kichwa chazunguka, nisome nini?

Shangazi Zuhura: Mashaallah mamangu hongera!! 👏🏾👏🏾👏🏾

Ami Salim: Waaleikum salaam. Hongera. Hiyo B2 ndo mwisho?

Mwanaisha: Si mwisho ami, yaanza A1 mpaka C2. B2 ni pale unaweza kubishana na mgeni juu ya bili bila kumuita mtu aje akusaidie

Hamisi: Basi ushamaliza, kazi ya risepsheni si ndo hiyo

Fahmi Dubai: Soma Kiarabu wewe. Herufi unazijua tangu madrasa, msahafu umehitimu, mtaji unao tayari

Mwanaisha: Kusoma nasoma Fahmi, kuelewa ni mambo mengine. Na wewe mwenyewe ulipofika huko ilikuaje? Hebu waambie

Fahmi Dubai: 😂😂 Nilitua nikamwambia dereva wa teksi kayfa haluka, yaani u hali gani, vile maalim alitufundisha, akanigeukia akacheka mpaka nikaona haya. Huku ni shlonak, kila mtu shlonak. Miezi sita nilikuwa kama bubu. Lakini sa hii naongea

Shangazi Zuhura: Mimi nasema Kituruki

Hamisi: Shangazi hizo tamthilia zako zitatumaliza

Shangazi Zuhura: Sikiza kwanza wewe. Kitabu ni kitap, saa ni saat, habari ni haber, hesabu ni hesap, kalamu ni kalem, dunia ni dünya. Nusu nishajua bila mwalimu, nakaa tu kwenye kochi na kikombe changu cha chai

Fahmi Dubai: Hayo yote ni ya Kiarabu shangazi, wametoa pale pale tulipotoa sisi. Ndo maana nasema Mwanaisha aende kwa mwenye mali

Rehema: Kijerumani Mwana. Wallahi niko serious, kuna makubaliano ya kazi kati ya Kenya na Ujerumani yalitiwa saini Berlin 2024, huku kwetu darasani wauguzi ndo wengi, wote twatafuta hiyo B2 manake bila hiyo cheti chako cha uuguzi kule kigumu kukubaliwa

Mwanaisha: Na chaendaje hicho Kijerumani chenyewe?

Rehema: Chaniua. Kifaransa si kina dume na jike tu? Hiki kina der na die na das, na msichana yuko kwa das, Mädchen, si dume si jike. Mwalimu akatuambia msilalamike nyinyi mna ngeli chungu nzima na mtoto wa miaka mitatu hakosei, tukanyamaza

Rehema: Halafu ujichunge na pahali pa kusoma. Mimi chuo cha kwanza nililipa muhula mzima, wiki ya tatu mwalimu hayuko, twaambiwa tusikize rekodi kwa simu. Pesa mpaka leo sijaiona

Ami Salim: Shule yenyewe ni neno la Wajerumani. Na hela wanayosema watu wa Tanganyika, ilikuwa sarafu yao

Hamisi: Ami leo una mambo

Ami Salim: Mimi nikiulizwa nitasema Kireno. Nguzo ya Vasco da Gama iko hapo Malindi mjini, mwapita kila siku kwenda kupiga picha. 1498 huyo. Na meza mnayolia, na leso ya mama zenu, na bendera, na karata mnazocheza usiku, yote tumeyapata kwao. Gereza nayo wasema yatoka kwa igreja, na igreja ni kanisa 😄 Ukijua Kireno washuka mpaka Msumbiji na hata Angola

Mwanaisha: Kireno nimekifikiria ami, shida wageni wa Kireno hapa Watamu nawaona wawili kwa mwaka. Meneja ataniuliza nitaongea na nani

Shangazi Zuhura: Na Kichina?

Mwanaisha: Shangazi kule neno moja laimbwa kwa sauti nne na kila sauti na maana yake, mimi hata kaswida yanishinda

Mwanaisha: Ukweli nimebaki na mbili, Kihispania na Kiitaliano. Zote ni ndugu wa Kifaransa, ukijua kimoja hizi nyengine wazisikia kama mtu aongea chumba cha pili. Kihispania nchi ni nyingi, Amerika ya Kusini karibu yote ukitoa Brazil, na huku Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Kiitaliano nchi chache lakini ndo hao wako hapa mlangoni

Hamisi: Kwani huu ni mjadala? Uko pande za Malindi dada. Mtoto hapa hajajua kusema shikamoo ashajua ciao. Mabichiboi hawajaenda shule wanauza vikoi kwa Kiitaliano safi. Mimi miaka tisa jikoni sijawahi kukaa darasani na nakuandikia menyu nzima

Hamisi: Tena ni lugha ya watu kama sisi, maneno yaisha na irabu. Pane, pesce, mare, acqua. Cha kushika ni kimoja tu, chi wasoma ki, na ci ndo wasoma chi. Chiave ni kiave, ufunguo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasema chiave kwa ch ya chai, mpishi mkuu alikuwa akiita wenzake waje wanisikize

Rehema: 😂😂😂

Fahmi Dubai: Na hesabu je, Kifaransa si ndo tisini yao ni nne-ishirini-kumi?

Mwanaisha: Quatre-vingt-dix!! Mgeni atoa pesa, mimi bado najumlisha

Hamisi: Kwa Wataliano ni novanta. Basi. Walipe waende

Mwanaisha: Sasa Hamisi mimi huo undugu ndo waniogopesha. Ngoja niwape kisa cha wiki ilopita, na msiniseme nje

Mwanaisha: Wamekuja mzee na mkewe, Wataliano, wametoka pwani na kamera kubwa shingoni. Mzee asema pole pole anionee huruma, "possiamo salire in camera?" Mimi kwa Kifaransa salir ni kuchafua. Nikaona aa, kamera imeingia mchanga masikini. Nikaenda zangu ofisini nikatoa kile kitambaa cha miwani nikamletea kwa mikono miwili na tabasamu

Rehema: Kumbe?

Hamisi: Yarabi 😭😭😭 salire ni KUPANDA. Camera ni CHUMBA. Mzee wa watu ataka kupanda chumbani akalale

Mwanaisha: Alishika kile kitambaa, akanitazama, akamtazama mkewe. Mkewe akafuta miwani yake akasema grazie

Fahmi Dubai: Huyo mama ana adabu

Shangazi Zuhura: Nimecheka mpaka chai imenipalia

Rehema: Na ukienda Kihispania utasalimika? Wote si ukoo mmoja

Hamisi: Kule ndo usiseme. Burro kwa Kiitaliano ni siagi, kwa Kihispania ni punda. Nilifanya kazi Lamu msimu mmoja, wageni Wahispania, nikawaambia kwa Kiitaliano changu kamba hawa nimewapika na burro. Mmoja akainuka akaenda kuchungulia dirishani. Na Lamu vile kuna punda…

Ami Salim: 😂 Lamu hata mimi ningechungulia

Ami Salim: Lakini Hamisi ana neno. Wataliano hawakuja na mahoteli kwanza. Walikuja na roketi, San Marco hapo Ngomeni, minara ndani ya bahari. Satelaiti walirusha kutoka 1967 mpaka 1988. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, ndo ile satelaiti ikaitwa Uhuru. Baba yetu alikuwa jikoni pale kambini

Mwanaisha: Babu?? Mimi najua alikuwa mvuvi tu

Ami Salim: Uvuvi baadaye. Muulizeni Bibi

Shangazi Zuhura: Niko naye hapa, nampa simu

Bibi (simu ya Zuhura): 🎤 0:47

Rehema: SUBIRI

Fahmi Dubai: Nimesikiza mara tatu, huyu ni Bibi yetu huyu?

Mwanaisha: Hamisi, Bibi amesema nini? Nimeshika buongiorno tu halafu akaenda mbio

Hamisi: Natetemeka. Asema buongiorno signore, pesce fresco, samaki freshi, granchio vivo, kaa mzima bado yuatembea, duecento scellini, shilingi mia mbili, anasema mgeni akimwambia troppo caro, ghali mno, yeye amjibu allora vai a pescare tu, haya nenda kavue mwenyewe 😭 Alikuwa akiwauzia pale kambini, babu amfundisha usiku maneno, asubuhi yeye abeba kikapu

Hamisi: Na lafudhi yake yanishinda mimi wa miaka tisa

Fahmi Dubai: Miaka yote hii twaleta wageni nyumbani twamtafsiria Bibi

Shangazi Zuhura: Yuacheka hapa mpaka mtandio umeanguka. Asema hakuna aliyemuuliza

Rehema: Mwana hiyo nusu ya karo ya meneja ichukue, nusu ya pili nenda kwa Bibi

Mwanaisha: Nimeshamuandikia meneja sa hii. Kiitaliano. Bibi Jumamosi nakuja na daftari, nikitoka shifti saa tisa niko kwako

Bibi (simu ya Zuhura): 🎤 0:04

Mwanaisha: "Porta lo zucchero"?? Porte ni mlango… mlango wa sukari?

Hamisi: Ulete sukari. Kilo 2.