Mapambo ya Krismasi ya kutengeneza na mtoto wa miaka miwili

Mama Pendo, Kibaha: Habari zenu wapendwa. Tawi letu la mvinje limeshasimama kwenye ndoo ya mchanga sebuleni, ila halina kitu. Natamani Pendo (miaka 2 na nusu) na kaka yake wa miaka 4 walipambe kwa kazi ya mikono yao. Shida, Pendo kila kitu anatia mdomoni.

Bibi wa Moshi: Mwanangu, kanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1 ukimimina kidogo kidogo. Sukuma kama chapati ila nene, kaka akate kwa mdomo wa glasi. Toboa tundu la uzi kwa mrija ungali mbichi. Pendo abonyeze kidole gumba katikati. Hilo peke yake ni pambo tosha, nawe andika mwaka nyuma. Ila asiule, chumvi ni nyingi mno kwa mtoto.

Baba Dani: Sisi tunapaka viganja rangi ya kijani na kuvigonga kwenye boksi lililokunjuliwa, vidole vikitazama chini, mpaka mti utokee. Shanga na vifungo weka mbali, vinakaba.

Mama Pendo: Asanteni sana! Bibi, shikamoo. Na mvua hizi, unga utakauka kweli?

Bibi wa Moshi: Marahaba mwanangu. Tandaza mchanga kwenye sufuria, weka sahani ya bati yenye hayo mapambo juu yake, funika, moto wa mkaa uwe mdogo kabisa. Geuza mara kwa mara. Ukiona yanaanza kuvimba, punguza mkaa.