Mjadala: Kiwanda cha chipu kikiungua, bei ya RAM hupandishwa na moto au na hofu?

Mzani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hoja hii huibuka kila inaposikika kwamba kiwanda cha kumbukumbu za kompyuta (RAM) kimepata ajali. Nachukua mfano mmoja ambao mwisho wake unajulikana: moto wa kiwanda cha SK Hynix, kampuni ya Korea Kusini, mjini Wuxi, China, tarehe 4 Septemba 2013. Kulikuwa na kazi ya kufunga mitambo, moto ukazuka alasiri, ukazimwa kabla saa mbili hazijatimia. Aliyeumia ni mtu mmoja, tena kidogo. Kiwanda kile kilikuwa kikitoa karibu nusu ya DRAM (chipu zinazounda RAM) yote ya SK Hynix, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya DRAM ya dunia nzima.

Tarehe 7 sehemu ya kiwanda ilishaanza kazi tena. Bei ya papo, ile ya soko la wazi la siku hiyohiyo, haikungoja: chipu ya gigabiti 2 ilitoka dola 1.60 hivi, ikapita 2.20 kabla mwezi haujaisha. Sasa, chipu zilizouzwa Septemba zilianza kutengenezwa Juni, na moto haukuzigusa. Kwa hiyo waliolipa bei ile walilipia hofu, hawakulipia uhaba. Anayepinga aje na hesabu.

Chumba Safi

Mzani, Septemba nakupa. Novemba sikupi.

Chipu za DRAM huchongwa juu ya weifa, ile sahani ya silikoni ya kipenyo cha milimita 300. Weifa moja hupita hatua mamia: kupakwa utando, kupigwa picha ya mchoro, kulishwa gesi, kuoshwa, kuchomwa kwenye tanuri, halafu mzunguko uleule tena na tena. Safari nzima huchukua miezi miwili hadi mitatu. Wuxi ilikuwa ikiingiza weifa kama 130,000 kwa mwezi. Chukua miezi miwili na nusu: ndani ya jengo wakati wowote kuna weifa zaidi ya 300,000, na hakuna iliyoiva. Moto hauli ghala la bidhaa, unakula kilichomo jikoni.

Wala si lazima uguse weifa. Mwaka ule nyaya za DRAM zilikuwa kwenye nanomita 29 hivi, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara elfu mbili na zaidi. Chembe moja ya masizi ikitua ni chipu imekufa. Moshi wa plastiki, hasa mabomba ya PVC, hubeba klorini. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula chuma cha mitambo polepole, wiki kadhaa baada ya zimamoto kuondoka.

Kuna na jambo ambalo watu wa nje hawalifikirii: saa. Weifa ikishaoshwa kabla ya tanuri ina saa chache tu za kungoja. Zikipita, hewa yenyewe inaota utando wa oksidi juu ya silikoni. Laini, yaani msururu wa mitambo ya uzalishaji, ikisimama siku tatu, kundi zima lililokuwa kwenye foleni ile linaoshwa upya kama hatua inaruhusu, la sivyo linatupwa, hata kama lilikuwa chumba cha mbali na moto.

Kufufua laini kunafuata mpangilio. Unaziba eneo lililoungua ili hewa yake isivuke. Unabadilisha filta za dari. Unafuta kuta, sakafu na sehemu ya chini ya sakafu kwa mikono, unahesabu chembe hewani, unafuta tena. Kila mtambo unafunguliwa, unasafishwa, unapimwa. Kisha unapitisha weifa za majaribio, unazisoma, na ndipo unaingiza za biashara. Hapo saa ya miezi miwili na nusu ndiyo kwanza inaanza. Ukiwasha laini Oktoba, chipu inatoka karibu na mwaka mpya.

Kisiki

Somo zuri mkuu, ila umewatetea wenye viwanda bila kujua.

Kwanza, bei ya DRAM ilikuwa imekaribia maradufu kati ya mwisho wa 2012 na katikati ya 2013, kabla ya moto wowote. Elpida ya Japani ilifilisika Februari 2012, Micron ikaimeza mwisho wa Julai 2013, wakabaki Samsung, SK Hynix na Micron wakishika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Wiki tano baadaye Wuxi inaungua. Pili, mwaka huohuo wa moto SK Hynix ilipata faida ya uendeshaji ya woni (fedha ya Korea Kusini) trilioni 3.38, rekodi yake kwa wakati ule. Mwenye nyumba iliyoungua anavunja rekodi ya mapato! Tatu, soko hili lina historia. Kwa kupanga bei ya DRAM kati ya 1999 na 2002, Marekani iliitoza Infineon dola milioni 160, Hynix (jina la zamani la SK Hynix) milioni 185, Samsung milioni 300 na Elpida milioni 84. Micron ilipona kwa kuwa ndiyo iliyokwenda kusema.

Kwa hiyo nikisikia "ajali" nauliza nani anafaidika.

Mwanasoko

Kisiki, takwimu zako ni sahihi, umezifunga kamba isiyo yake. Faida ya rekodi ni ya mwaka mzima. Iangalie robo kwa robo: robo ya tatu woni trilioni 1.16, robo ya nne, iliyobeba moto, bilioni 785 hivi. SK Hynix iliumia. Waliofaidika ni majirani waliokuwa na mzigo. Na bei ya mwanzo wa mwaka ilipanda kwa sababu mitambo mingi ilihamishwa kutoka RAM za kompyuta kwenda za simu, huku hakuna aliyejenga kiwanda kipya baada ya hasara za 2011 na 2012. Hiyo ni hali ya wachache sokoni, haihitaji kikao cha siri.

Kwa Mzani: unachanganya bei mbili. Ile ya mkataba ndiyo wanayolipa watengenezaji wakubwa wa kompyuta, wakati ule wakijadiliana kila mwezi au kila nusu mwezi. Ile ya papo ni ya soko la wafanyabiashara, sehemu ndogo ya mzigo wote. Habari ya moto inapiga papo ndani ya saa, mkataba unafuata kwa wiki kadhaa na kwa kiasi kidogo zaidi.

Hesabu uliyoitaka hii hapa. Ya kukadiria tu. Weifa ya milimita 300 ina eneo la milimita za mraba 70,000 na ushee. Chipu ikiwa ya milimita za mraba 40, ukitoa ukingo na zilizoharibika, tuseme zinabaki nzima 1,500. RAM ya GB 4 kwa chipu za gigabiti 2 inakula chipu 16. Weifa moja basi ni RAM 93. Nusu ya Wuxi ikilala mwezi mmoja, weifa 65,000, ni RAM milioni sita zisizozaliwa. Na kompyuta isiyo na RAM haiuziki hata ikikosa kitu hicho kimoja tu, kwa hiyo mnunuzi mkubwa hajali kuongeza dola tano, anajali laini yake ya kuunganishia isisimame. Mahitaji ya namna hiyo hayapungui bei ikipanda. Pungufu ya asilimia tano inaweza kupandisha bei kwa asilimia thelathini bila mtu yeyote kudanganya.

Mzani

Mwanasoko, nimekuelewa, ila umenisaidia. Kama wakubwa wana mkataba, nani anakaa kwenye bei ya papo? Ni mnunuzi mdogo. RAM inayoletwa Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) kupitia wauzaji wa jumla wa Dubai na Guangzhou haina mkataba na Samsung, inafuata papo. Sisi tunapanda wa kwanza.

Na kuhusu hofu, mfano wa Niihama, Japani, Julai 1993. Mlipuko kwenye kiwanda cha Sumitomo Chemical kilichokuwa kikitoa zaidi ya nusu ya resini ya epoksi iliyotumika kufungia chipu duniani, ile gamba jeusi la nje. Bei ya DRAM sokoni iliruka kwa siku chache. Akiba ya resini ilikuwapo, watengenezaji wengine wakaongeza, na uhaba uliotangazwa haukufika. Waliokimbilia kununua wiki ya kwanza walikula hasara.

Chumba Safi

Niihama ilikuwa resini, mkuu. Resini unaweza kuiagiza kwa jirani, weifa iliyofika hatua ya 400 huiagizi popote. Ndiyo maana nasema aina ya ajali ndiyo inayoamua, siyo ukubwa wa moshi. Wuxi kwenyewe picha zilitisha kuliko hali halisi, kwa sababu moshi mwingi ulitoka kwenye mifumo ya kusafisha hewa iliyounganishwa na paa.

Kuna ajali zisizo na moshi kabisa zilizouma zaidi. Yokkaichi, Japani, kiwanda cha flashi (chipu za kuhifadhi data hata umeme ukizimwa) cha Toshiba, Desemba 2010: umeme ulishuka kwa sekunde 0.07, na kampuni ikasema usafirishaji ungeweza kupungua kwa hadi asilimia 20 mwanzoni mwa 2011. Palepale Juni 2019, umeme ulikatika dakika 13, Western Digital, mbia wa kiwanda, peke yake ikahesabu upungufu wa eksabaiti 6 hivi (eksabaiti moja ni gigabaiti bilioni moja). Februari 2022 hakukuwa na moto wala giza, malighafi iliingia uchafu, Western Digital ikatangaza upungufu wa angalau eksabaiti 6.5.

Kwa nini sekunde ile inauma? Kiwango cha SEMI F47, cha chama cha sekta ya chipu, kinataka mtambo uvumilie umeme kushuka hadi asilimia 50 kwa sekunde 0.2. Ukishuka chini ya hapo, swichi za pampu za ombwe zinaachia, shinikizo ndani ya mtambo linabadilika katikati ya hatua, gesi inakatika, tanuri linapoteza joto lake. UPS, yaani betri za dharura, hubeba kompyuta za kuongozea na baadhi ya mitambo. Kubeba jengo zima ni habari nyingine, ni mzigo wa megawati nyingi.

Kisiki

Basi wakiona hivyo, kwa nini wasilazimishwe kuweka akiba ya miezi mitatu? Mafuta yanawekewa akiba.

Mwanasoko

Mafuta ya mwaka jana bado ni mafuta. RAM ya mwaka jana inaweza kuwa imeshuka thamani kwa theluthi, na kizazi chake kinaelekea ukingoni. Ukiwalazimisha, gharama ya kushuka kwa thamani wanaiweka kwenye bei ya kila siku, na wewe utailipa hata miaka isiyo na ajali. Kinachofanyika ni akiba ya chipu ambazo hazijafungwa gamba, zinakaa kwenye makabati ya naitrojeni. Ajali ikija wanazifunga na kuzipima, wanapata nafuu ya wiki chache. Njia nyingine ni ile SK Hynix iliyoitumia baada ya Wuxi: walichukua uwezo wa laini ya flashi kule Korea Kusini wakautumia kwa DRAM. Nafuu kwa RAM, pengo kwa flashi.

Kwa pembeni: anayedhani anaweza kuweka chipu tupu stoo Mombasa au Dar aangalie lebo ya mfuko. Chipu nyingi ni daraja la 3 la unyevu, ukifungua mfuko una saa 168 kuzichomelea, kwenye joto lisilozidi nyuzi 30 na unyevu asilimia 60. Zaidi ya hapo zinapasuka ndani zikikutana na joto la kuchomelea. RAM iliyokwisha chomelewa haina shida hiyo.

Mzani

Sawa, nalegeza: uhaba upo, unakuja baada ya miezi miwili, na bei ya wiki ya kwanza inaukisia tu. Mwenye ofisi au chuo anayetaka RAM 200 wiki ya moto afanyeje?

Chumba Safi

Aulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Kilichoharibika ni nini: malighafi, umeme, au chumba safi (ukumbi usio na vumbi ambamo weifa hutengenezwa)? Kama ni chumba safi, bei ya mkataba itafuata, anunue mapema anachokihitaji kweli. Kama ni malighafi yenye watengenezaji wengi, angoje wiki tatu. Pili, kiwanda ni cha DRAM au flashi? Wauzaji hupandisha vyote kwa habari moja. Tatu, nukuu ya bei ina siku ngapi? Wiki kama ile muuzaji atakupa saa 24, na usimlaumu, naye kapewa hivyo Dubai.

Na mzigo ukifika, apime. Uhaba huleta RAM zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu na kubandikwa lebo mpya, au zenye kichipu cha maelezo kilichoandikwa upya ili BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) isome kasi isiyo yake. Achomeke, aendeshe Memtest86+, programu ya kupima RAM, mizunguko minne usiku kucha. Kosa moja tu, inarudi.

Kisiki

Hilo la mwisho nakubali. La akiba bado.