Civilization IV: nimpe Mansa Musa Alfabeti?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, kuna wachezaji wa Civ IV (Civilization IV, mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya) hapa Dar? Nimewahi teknolojia ya Alfabeti kuliko wote. Jirani zangu ni Mansa Musa na Tokugawa, viongozi wanaochezwa na kompyuta. Mansa ana Hisabati, anataka Alfabeti yangu. Nimpe?

Fundi Kompyuta, Sinza: Hapana mkuu, Alfabeti ibanie kwanza! Hiyo ndiyo inayofungua biashara ya teknolojia. Akiipata, kesho anauza kwa wengine na wewe umeshapoteza soko. Mpe teknolojia ya Ufuaji Chuma, akupe Hisabati. Mansa anauza karibu kila kitu, kwa hiyo mfunguliane mipaka mapema. Ukimuuzia mmoja, zamu hiyohiyo zunguka kwa wote kabla hajakuwahi. Nachukia sana kuona mtu anamaliza zamu bila kufungua ukurasa wa diplomasia! Tokugawa achana naye.

Dada wa Ilala: Naongezea: kila teknolojia unayonunua inahesabiwa. Zikizidi, viongozi wanagoma kukuuzia, wanaona umewapita. Usimalizie nafasi kwa vitu vya bei rahisi kama Uwindaji.

Kijana wa Mbagala: Shukrani sana. Kumbe Ufuaji Chuma ninao, naenda kumpa sasa hivi.