Tunajenga stoo ya mpunga Ahero, fundi anataka nusu ya pesa kesho

Katibu wa Chama: Hamjambo wenzangu. Sisi ni akina mama 18 hapa Ahero, tumeweka akiba ya shilingi 640,000 tujenge stoo ya mpunga. Kiwanja tunacho. Sasa ni Januari, na tunataka paa liwe juu kabla ya masika ya Machi. Nimechaguliwa kusimamia na sijawahi kusimamia mjengo. Fundi anataka nusu ya pesa kesho ndipo aanze kuchimba. Nimpe?

Foremani wa Nyalenda: Dada, usitoe hata shilingi kwanza. Nimejenga huko kwenu, uwanda wa Kano, miaka 14. Kaeni chini mwandike stoo ikiisha iweje: magunia mangapi, mlango upana gani, sakafu iinuke kiasi gani maana mnajua mafuriko ya mto Nyando. Wote 18 watie sahihi.

Halafu andika nini kinangoja nini. Udongo wenu mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia. Lazima uchimbwe mpaka mfikie chini pagumu, mjaze mawe. Slabu, yaani sakafu ya zege, ikimwagwa inataka maji kila siku kwa wiki nzima, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Huwezi kuiharakisha hata umwongeze fundi pesa. Lakini siku hizo hizo unaweza kuagiza mbao na mabati.

Hapo ndipo nilipoumia. Mwaka 2018 nilipandisha kuta za nyumba ya mama mmoja mjane, zikafika juu ndipo nikaenda kutafuta mbao. Muuzaji akasema wiki mbili. Mvua haikungoja. Tulikuwa tumejenga kwa matofali mabichi, ukuta wa nyuma ukalainika, nikaubomoa kwa mikono yangu. Yule mama alisimama pale na leso kichwani, hakusema neno. Mpaka leo kabla sijachimba msingi nauliza kwanza mbao ziko wapi.

Pesa lipeni kwa hatua: msingi, linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), paa, plasta. Simiti nunueni wenyewe, mifuko ipangwe juu ya mbao, isiguse chini, na mtu mmoja ahesabu inayotoka. Asilimia kumi ya pesa za ufundi ibaki kwenu mpaka mvua ipige paa na msione tone ndani.

Mwalimu Kakamega: Naunga mkono. Ongeza karatasi ya manila ukutani: kazi zishuke upande wa kushoto, wiki zipite juu, kila kazi uichoree mstari wa siku zake. Mmarekani Henry Gantt aliueneza mchoro huo miaka ya 1910, na mimi niliutumia tulipojenga madarasa mawili. Wazazi wasiopenda mikutano walikuwa wanapita wanausoma wenyewe.

Katibu wa Chama: Asanteni sana. Leo nimemuuliza fundi mbao zitatoka wapi, akasema tutajua tukifika huko. Sijampa kitu. Ila wanachama wawili wameanza kudai choo kijengwe pamoja na stoo.

Foremani wa Nyalenda: Choo ni muhimu, lakini wapigie hesabu mbele ya wote: shilingi ngapi zaidi, siku ngapi zaidi, na Machi iko wapi. Wakikubali, mwandike upya na mtie sahihi tena. Wakikataa, kingoje mavuno yajayo. Na huyo fundi, kabla hujamwacha, mwambie akuletee orodha ya mbao kwa mkono wake mwenyewe, futi kwa futi.