Ugonjwa wa sukari kwa Bashi, kabila la Walungu (Kivu Kusini, Kongo): tupime namna gani?

Mwalimu_Kadutu: Jambo wandugu. Tunataka kujua ni wangapi kwa mia. Daftari la kituo cha afya halitoshi?

Infirmier_Ibanda: Halitoshi, mwalimu. Kituoni wanafika walio wagonjwa tayari. Chagueni nyumba kwa kura. Mkikisia 5 kwa mia, kosa lisizidi 2 juu au chini, mnahitaji watu wazima 456. Mkichagua vijiji kwanza ndipo nyumba, zidisheni walau kwa 1.5.

Mama_Labo: Pimeni asubuhi, mtu akae masaa 8 bila kula, na kasiksi (pombe ya ndizi) pia inahesabiwa kama chakula! Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke: utomvu wa ndizi mbivu kidoleni unapandisha kipimo. 126 mg/dl kwenda juu ni sukari, ila asiye na dalili arudiwe siku nyingine. Chupa ya vijiti vya kupimia ifungwe papo hapo, unyevu unaviharibu. HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi michache) inadanganya penye selimundu.

Infirmier_Ibanda: Na msikimbilie kusema ni damu ya kabila. Utafiti wa 2006 ulikuta watu wa kabila la Pima (wenyeji asilia wa Amerika) kule Arizona wana sukari 38 kwa mia, wenzao wa damu moja wa Meksiko karibu 7. Kwa hiyo andikeni pia kiuno, kazi na chakula cha kila mtu.